Bibi Hukohoa Siku za Usafi

Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza nakuahidi kwamba nitakueleza kila kitu, hata yale yanayotuaibisha sisi kama familia, kwa sababu mwalimu wetu wa sayansi alituambia kwamba mgonjwa anayemficha daktari nusu ya ugonjwa hupewa nusu ya dawa.

Mimi ni msichana wa kidato cha pili. Naishi na baba, mama, na bibi mzaa baba. Baba ni fundi cherehani na chumba chake cha kushonea kiko mbele, kinatazama barabara. Nyuma tuna ua, na nyuma ya ua kuna kiwanja kidogo chenye ukuta mrefu ambacho si cha mtu, kwa hiyo ni cha taka. Mimi na bibi tunalala chumba cha nyuma, na dirisha letu linatazama kiwanja hicho. Bibi huniita mke mwenza, anasema marehemu babu angeniona ninavyosonga nywele zangu angemwachia yeye vyombo na kuku akanifuata mimi.

Shida yangu ni hii: baba anampenda mama yake kuliko kitu chochote duniani, na nadhani upendo huo utamuua.

Tafadhali usikasirike kwa neno hilo. Nililifuta nikaandika "utamdhuru," lakini nilikuwa nimeahidi kusema yote, nikalirudisha.

Baba ndiye kiongozi wa usafi mtaani kwetu. Hakuna aliyemchagua, zamani mifereji yetu ilikuwa imeziba, nzi walikuwa wengi kuliko watu, watoto waliharisha, na kila mtu alikuwa akisema lazima kitu kifanyike, basi baba akanunua filimbi. Siku hizi ukiangusha sindano barabarani kwetu utaiona. Watu humwita Bwana Fagio na yeye hujifanya halipendi jina hilo. Siku ya usafi hupuliza filimbi asubuhi, watu wanatoka na mafagio, wanakusanya majani, mifuko ya plastiki, chupa, viatu vilivyokufa, na baba mwenyewe anatoa gunia la vipande vya vitambaa vilivyobaki chini ya cherehani, na vyote vinarundikwa chini ya ule ukuta ili moto usirukie nyumba za watu. Kisha baba analimwagia lundo maji kidogo ndipo anawasha. Anasema moto wenye ndimi ni moto wa wahuni, moto wa watu wazima hufuka tu. Na kweli hufuka, Mshauri, unafuka toka asubuhi mpaka nikirudi shule bado unafuka, moshi mzito wa rangi ya kijivu unaonuka kama sufuria ya plastiki iliyosahauliwa jikoni, na kwa kuwa asubuhi hakuna upepo na ukuta umeuzuia upande mmoja, unageuka unaingia kwetu.

Bibi alianza kukohoa mwaka jana. Baba alimpeleka zahanati na mimi nilikwenda kumbebea bibi mkoba. Daktari alimpima, akasema ni pumu, na moyo wake nao si wa kuchezewa, akampa pampu ya kuvuta dawa, kisha akamgeukia baba. Akamuuliza, "Nyumbani mnapikia kuni au mkaa?" Baba akajibu kwa fahari, "Gesi, daktari. Moshi nyumbani kwangu hamna." Hakudanganya. Kwetu moshi ni wa kupikia tu. Kile kinachofanyika nyuma ya ua hakiitwi moshi, kinaitwa usafi. Hata mimi, nilikuwa nimekaa pale na mkoba wa bibi mapajani, sikukumbuka. Basi daktari akasema mambo mawili, "Mazingira yake yawe safi, na apate hewa ya kutosha."

Baba ni mtu wa kutii daktari. Kama usafi ni dawa, basi dozi iongezwe. Zamani siku ya usafi ilikuwa Jumamosi peke yake, sasa ni Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Na kwa kuwa bibi anatakiwa kupata hewa, baba akishawasha moto huja chumbani mwenyewe, anafungua dirisha, analikunja pazia na kulifunga fundo, kisha anainama na kuuliza, "Mama, hewa inaingia?"

Bibi hujibu, "Inaingia, mwanangu," kisha anakohoa.

"Umeona!" baba ananiambia. "Bado kuna uchafu mahali." Na anatoka kwenda kuutafuta.

Nimechunguza, Mshauri, kama tulivyofundishwa kuchunguza. Siku ya usafi bibi hubanwa kifua, macho yanamtoka machozi, na kesho yake huwa mbaya vilevile au zaidi. Ile wiki ya mvua kubwa, taka zilipolowa hata baba akashindwa kuziwasha, bibi alilala usiku kucha na asubuhi akaomba ukoko wa wali. Najua pia kwa vitendawili. Jioni yeye hunitegea, na siku ambazo hewa ni nzuri anavimaliza. Siku za usafi husema, "Kitendawili," nami najibu, "Tega," naye anasema, "Nyumba yangu kubwa haina..." halafu pumzi inaisha, anakaa akiushika ukingo wa kitanda, mabega yanapanda na kushuka. Ni yai, kila mtu anajua kwamba ni yai, lakini mimi humwambia, "Sijui bibi, nakupa mji," ili asione kwamba hakumaliza.

Sasa nieleze lile la aibu. Shangazi yangu, dada yake baba, anasema anayemuua bibi ni mama.

Alianza kwa kusema ni maji ya baridi ambayo mama humpa bibi. Mama akaacha kuweka maji kwenye friji. Akasema ni unga wa sabuni, mama akawa anafulia mashuka ya bibi sabuni ya kipande na kuyasuuza mpaka vidole vikajikunja. Akasema ni pilipili, sasa tunakula chakula kama cha wodini. Mwezi uliopita alimchukua bibi kwake akakae wiki moja. Bibi alirudi anatembea mwenyewe, hakohoi, ananipiga vijembe kuhusu nywele zangu. Shangazi alisimama mlangoni akamwambia mama, mbele yangu na mbele ya mteja aliyekuja kupima suruali, "Wifi, mimi sisemi kitu. Nimemchukua mgonjwa, nakurudishia mzima. Tusubiri tuone atakaa mzima mpaka lini."

Alikaa mzima mpaka Jumatatu, ambayo ni siku ya usafi.

Mama aliingia jikoni. Siku hizi anaosha vyombo mpaka vinaogopa. Shangazi amesema mwisho wa mwezi huu anakuja kumchukua bibi moja kwa moja, na godoro lake, na baba amenyamaza, na katika nyumba yetu baba akinyamaza ni kwamba anaelekea kukubali. Bibi akiondoka hivyo, mama atabaki na jina la mkwe aliyeshindwa kumtunza mama mkwe wake, na jina kama hilo halifuliki kwa sabuni ya kipande wala ya unga.

Jana, Jumamosi, ndiyo iliyonifanya niandike. Moshi ulikuwa mzito kwa sababu jirani mmoja alileta zulia. Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta bibi amekaa sakafuni chini ya dirisha, kitambaa cha maji puani, midomo imekuwa na rangi ya jivu. Nilimwita hakuniitikia kwa sauti, alinyoosha kidole tu kwenye pampu iliyokuwa juu ya kabati. Tulimpeleka zahanati, wakamvutisha dawa kwa mashine, akarudi jioni amechoka kama mtu aliyelima. Baba alikuwa na huzuni sana, hakula. Leo asubuhi, ingawa ni Jumapili, alipuliza filimbi.

Nimejaribu kumwambia. Nilimweleza nilivyofundishwa, kwamba moshi una chembe ndogo kuliko vumbi tunaloliona, zinazoingia mpaka ndani kabisa ya mapafu, na kwamba wazee, watoto wachanga na wajawazito huumia mapema kuliko wengine. Alisikiliza mpaka mwisho huku ameshika pini mdomoni, kisha akazitoa.

"Mwalimu wako anaishi wapi?"

"Mtaa wa juu, baba."

"Nimepita mtaa wake. Taka zimelala barabarani kama wageni wa harusi. Halafu anatufundisha hewa." Akaendelea kushona. "Moshi ni dawa, mwanangu. Unaua vidudu. Umewahi kumwona mbu kwenye moshi?"

Nikasema hapana.

"Basi."

Nikajaribu njia nyingine: Jumatano nilikificha kibiriti. Majirani watatu walimkimbilia na vya kwao. Mtaa wetu una umoja sana.

Nikimwambia shangazi kwamba si mama, ni moshi, nitakuwa nimemsema baba kwa dada yake. Nikimwambia mama, atasema nisimvunjie baba heshima, ameshasema hivyo hata kabla sijamaliza sentensi. Bibi mwenyewe nilimuuliza kama moshi unamsumbua, akaniambia, "Mke mwenza, mwanangu anaamka alfajiri kufagia dunia kwa ajili yangu. Nimwambie nini?"

Kuna jambo moja zaidi. Baba husikiliza kipindi chako kila Alhamisi, anaiongeza sauti redio mpaka wapita njia wanasimama, na kila unaposoma barua ya mtu hutikisa kichwa na kusema, "Huyu naye anaishi na vipofu?" Sijui nikuombe usiisome barua hii au uisome. Niliandika "usisome" nikafuta. Amua wewe, wewe ni mtu mzima.

Ninachotaka kujua ni hiki, na naomba unijibu kabla mwezi haujaisha: mtoto anamwambiaje baba yake kwamba jema analolifanya ndilo baya, bila kumvua nguo mbele ya mtaa mzima?

Wako mtiifu,
Mke Mwenza


MAJIBU YA MSHAURI, KAMA YALIVYOSOMWA REDIONI ALHAMISI

Binti yangu Mke Mwenza,

Pole. Nimeisoma barua yako nikiwa na chai mkononi na chai ilipoa. Nimeamua kuisoma hewani, na kama kuna lawama zije kwangu, nimezizoea.

Nianze na wewe, maana huku kwangu hakuna anayepona. Acha kuficha kibiriti. Hata ukificha vya nchi nzima, mtu mwenye nia njema ataomba cha jirani. Na ulipokwenda kwa baba yako ulimpelekea chembe. Mtu anayempenda mama yake haambiwi chembe, mwanangu, anaambiwa mama. Ungemwambia, "Baba, njoo ukae chumbani na bibi, dirisha likiwa wazi, mpaka chai iive," usingehitaji kumtaja mwalimu. Lakini umechunguza vizuri, na ulichokiona ndicho kilichopo. Usikubali mtu akuambie umeota.

Moshi haungoji miaka ili umdhuru mtu. Kwa kijana mwenye kifua kizima ni macho kuwasha na kikohozi cha kupita. Kwa mzee mwenye pumu na moyo uliochoka, asubuhi moja inatosha: njia za hewa zinabana, moyo unakimbizwa, na shida inaweza kuja siku hiyohiyo au kesho yake, ndiyo maana watu hukosea kuitafuta kwenye chakula cha jana. Plastiki, mazulia na vitambaa vya siku hizi vikichomwa moshi wake ni sumu zaidi, na ukivilowesha kwanza vinafuka kwa muda mrefu. Habari njema ni kwamba hewa ikisafika, mara nyingi nafuu nayo inakuja. Umeiona wiki ya mvua. Shangazi yako ameiona kwake.

Na wewe shangazi, kama unasikiliza. Ulimchukua mgonjwa ukarudisha mzima. Hongera, ulimpa hewa safi. Lakini ukamkuta wifi yako ana mikono ya sabuni ukaona umempata mchawi. Kabla hujabeba godoro la mtu, uliza kwanza nyuma ya nyumba kuna nini. Unamdai wifi yako neno moja, na unalijua.

Mama wa binti huyu, heshima ni kitu kizuri, lakini isiwe kiraka cha kuziba mdomo wa mtoto anayekutetea. Siku nyingine mwache amalize sentensi.

Sasa niseme na fundi. Fundi, simamisha cherehani kidogo.

Wewe si mtu mbaya. Mtaa uliokuwa na nzi umeusafisha mpaka mtu anaona sindano chini, na watoto wa watu hawaharishi tena. Hakuna anayekunyang'anya filimbi. Lakini daktari alipokuuliza habari za moshi ulimjibu habari za jiko. Hukumdanganya, yeye hakuuliza vya kutosha nawe hukufikiria vya kutosha, na katikati yenu amekaa mama yako chini ya dirisha. Unamfungulia dirisha mwenyewe, kwa mkono wako, unamuuliza kama hewa inaingia. Anakujibu inaingia kwa sababu wewe ni mwanawe na anaona umechoka. Mzazi humeza mengi ili mtoto asione aibu. Wewe una mvi, na bado anakumezea.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho usiwashe, wala keshokutwa. Taka zichambuliwe: majani na maganda yaende shimoni yaoze, yatakuwa mbolea, chupa na plastiki zitengwe, wapo watu wanaozinunua au kuzichukua, kinachobaki kipelekwe mahali pa taka panapotambulika, hata kama ni mbali na ni kazi. Wewe unayeweza kuutoa mtaa mzima kitandani kwa filimbi hutashindwa kuwafundisha kuchambua. Na hayo magunia ya vipande vya vitambaa, fundi mzima unachoma vitambaa? Jaza mito. Mwenye kifua kibovu hupumua vizuri zaidi akilala ameegemezwa, na mama yako anahitaji mito kuliko anavyohitaji ufagio wako.

Kisha rudini kwa daktari mkamwambie hivi, kwa maneno haya, "Tulikuwa tunachoma taka dirishani kwake." Aipitie upya dawa yake.

Wewe binti, kazi yako ni hii. Moshi ukija, wa kwenu au wa jirani, funga dirisha la upande huo mapema na umhamishie bibi chumba cha mbele, usingoje akohoe. Moshi ukiisha, fungua. Ndani msiwashe udi wala dawa ya mbu ya moshi, na mvuta sigara akavutie kwake. Kitambaa cha maji puani kinampa moyo tu, moshi unapita. Pampu itoke juu ya kabati ikae pale mkono wake unapofika akiwa amelala, na nyote nyumbani mjue kuitumia kama mlivyoonyeshwa. Na siku akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikawa na rangi ya jivu, au akalalamikia kifua, au akaanza kuchanganyikiwa, hapo hakuna cha kumkanda wala kumfukiza. Ni hospitali, muda huohuo, na anayetaka kubishana abishane njiani.

Umeniuliza mtoto anamwambiaje baba yake. Hamwambii peke yake, ndiyo maana watu wazima tupo. Mimi nimeshasema. Lililobaki ni la bibi, na hilo usimsemee. Mwambie Mshauri amesema hivi: mwanao akikuuliza kama hewa inaingia, mjibu ukweli.


Jumapili, tarehe 28 Juni

Mpendwa Mshauri,

Nimeahidi tena kueleza yote, lakini safari hii ni kwa ufupi kwa sababu natakiwa nikamshikie baba gunia.

Ulipoanza kusoma barua yangu baba alikuwa anashona koti la mteja, na alitikisa kichwa kama kawaida. Uliposoma kuhusu gunia la vitambaa alisema, "Huyu naye anaishi na..." halafu hakumalizia. Uliposema fundi simamisha cherehani, ilikuwa imeshasimama. Nje palikuwa na wapita njia wawili wamesimama kusikiliza redio na mmoja akamwambia mwenzake, "Huyo mzee kichwa kigumu kweli," na baba akaitikia, "Kweli." Kisha alizima redio, akaenda chumba cha nyuma. Nilimfuata mpaka mlangoni.

Alikaa kitandani kwangu. Hakunitazama. Akamuuliza bibi, "Mama, hewa inaingia?"

Bibi akasema, "Haiingii, mwanangu. Unaingia moshi."

"Tangu lini?"

"Tangu uanze kunipenda kwa kelele."

Baba alicheka, lakini alikuwa anajifuta uso kwa utepe wake wa kupimia. Mama alikuwa jikoni na sikusikia chombo hata kimoja.

Jioni shangazi alipiga simu. Alikuwa amesikiliza. Alimwambia baba, kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Kaka, umesikia yule mama anavyoonewa na wifi yake? Watu wengine hawana haya." Baba akamwambia, "Dada, yule wifi ni wewe." Simu ikakatika. Baadaye alisema salio liliisha. Jana alikuja bila gari la kubebea godoro, akakaa jikoni na mama, akasuuza vikombe ambavyo vilikuwa safi. Lile neno bado halijatoka, lakini alimwita mama "mwenzangu," na chakula kilikuwa na pilipili.

Jana hiyohiyo ilikuwa Jumamosi. Baba alipuliza filimbi, watu wakaja, na wale majirani watatu walikuja na vibiriti vyao mkononi kabisa. Baba akawaambia leo hatuchomi, tunachambua. Mmoja akauliza, "Nani atashika taka kwa mikono?" Baba akamwambia, "Wewe, na mimi." Walilalamika mpaka saa nne, lakini walichambua. Zahanati tumeshakwenda pia, na baba alisema yale maneno yako yote, alikuwa ameyaandika kwenye kiganja kwa chaki ya kuchorea vitambaa. Daktari aliacha kuandika, akakiri kwamba hakuuliza, akabadilisha dawa.

Bibi bado anakohoa kidogo, lakini amelala kwenye mito miwili mipya ya rangi zote za wateja wa baba. Jana jioni alisema, "Kitendawili." Nikasema, "Tega." Akasema, "Nyumba yangu kubwa haina mlango," yote, kwa pumzi moja. Nikamwambia sijui. Akaniambia, "Mke mwenza, mwaka mzima hujui yai? Babu asingekuoa."

Sasa nina swali, na naomba unijibu kwa posta ya kwanza, kwa sababu jembe liko mkononi. Anayeuliza amenikataza nisiseme ni nani. Shimo la majani lichimbwe umbali gani kutoka dirishani kwa bibi, na je, yakianza kuoza, harufu yake itamfanya akohoe?